Uzi: Njia za bei nafuu za kusimamisha meza inayozunguka palepale unapotaka (meza ya kujazia chupa, vituo 8)

SabuniTandika (mtoa mada)
Wakuu, habari za kazi. Swali kwa mafundi wa mitambo na wa umeme.

Kuna meza ya duara ya kujazia sabuni ya maji. Plaiwudi ya mm 18, kipenyo sm 60, matundu 8 ya kukalia chupa za lita moja, na katikati ya kila tundu ni mm 250 kutoka kwenye shafti. Inazungushwa na mota ya wipa ya volti 12 kwa mnyororo wa baiskeli: gia ndogo ya meno 18 kwenye mota, kubwa ya meno 44 kwenye meza. Chini ya meza kuna vipande 8 vya chuma na sensa moja ya ukaribu. Sensa ikiona chuma, Arduino (kompyuta ndogo ya kuongozea) inaachia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), mota inakata.

Tatizo haisimami mahali pamoja. Mara inapitiliza mm 5, mara 15. Asubuhi chupa zikiwa tupu inarekebishwa inakaa sawa, zikishaanza kujaa inaharibika upya. Mdomo wa chupa kwa ndani ni kama mm 21, bomba la kujazia mm 12. Bajeti si ya servo (mota inayojipima na kusimama palepale). Inatengenezwaje?

Mzee_wa_Hesi
Mkuu, kabla ya kununua chochote, jua kwanza unatafuta usahihi wa kiasi gani. Mdomo 21, bomba 12, tofauti ni 9, kwa hiyo una mm 4.5 kila upande. Toa mm 1 au 2 za chupa kucheza ndani ya tundu lake, toa na bomba kukaa upande kidogo. Kinachobaki ni kama mm 2 kila upande. Kwenye mzunguko wa mm 250, digrii moja ni mm 4.4. Yaani unatafuta karibu nusu digrii. Inawezekana kwa pesa ndogo, lakini si kwa kuzima mota na kuomba Mungu.

Sasa kwa nini asubuhi sawa na mchana vibaya. Plaiwudi yako ina kilo 3 hivi. Ukikokotoa ukaidi wake wa kuzunguka, nusu ya uzito mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, unapata 0.135. Chupa nne zilizojaa, kilo moja kila moja kwenye mm 250, zinaongeza 0.25. Jumla 0.385, karibu mara tatu ya meza tupu! Muda uleule wa kukata umeme hauwezi kutoa matokeo yaleyale kwa mizigo miwili tofauti hivyo. Ndiyo maana kurekebisha kwa kusogeza sensa hakutakufikisha popote.

La pili, mwendo. Mota ya wipa kwenye spidi ndogo inatoa mizunguko kama 45 kwa dakika, ukigawa kwa 2.44 meza inapata 18. Nguvu ya mwendo inapanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ukishusha kasi hadi theluthi kabla ya kusimama, breki ina kazi moja ya tisa tu.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote: kusimamisha na kuweka mahali ni kazi mbili tofauti. Watu wengi wanabebesha mota zote mbili. Mota ilete meza karibu, halafu kitu kingine, chuma kwa chuma, kiivute hadi mahali pake.

DadaVolti
Nakubaliana na mzee, ila umeme nao una makosa yake, na haya hayagharimu kitu kuyarekebisha.

Meza yako inakwenda digrii 110 kwa sekunde. Kila milisekunde 10 za kuchelewa ni mm 4.8 pale kwenye chupa. Angalia programu yako: kama ndani ya loop (sehemu inayojirudia) kuna amri ya delay (kusubiri) ya milisekunde 50, sensa inaweza kuona chuma mwanzoni mwa kusubiri au mwishoni. Tofauti hiyo peke yake ni hadi mm 24. Toa delay zote, tumia millis (saa ya ndani ya Arduino), au peleka sensa kwenye pini ya interapti (inayokatiza programu papo hapo). Kuchelewa kunakofanana kila mara hakuna shida, unasogeza sensa basi. Kuchelewa kunakobadilika ndiko kunakoua.

Rilei nayo inachelewa kuachia, na ukiwa na dayodi ya 1N4007 kwenye koili yake inachelewa zaidi, kwa sababu umeme wa koili unaendelea kuzunguka kwenye dayodi. Usiitoe, itakuunguzia transista. Weka zena (dayodi inayopitisha umeme kinyume volti zikifika kiwango chake) ya volti 24 iliyogeuzwa, mfululizo na dayodi, rilei itaachia haraka zaidi. Hakikisha tu transista inavumilia volti 40 na kuendelea.

Halafu breki ya umeme. Ukikata waya tu, rota ya ndani bado inazunguka kwa kasi kubwa, maana giaboksi ya wipa inapunguza kama mara 50. Hiyo rota ndiyo inayoendelea kusukuma meza. Ukiunganisha waya mbili za mota zikagusana, mota inageuka jenereta iliyoshotiwa na inajifunga yenyewe. Chukua rilei ya gari ya miguu mitano: 30 kwenye waya chanya wa mota, 87 kwenye chanya ya betri, 87a kwenye ethi, 85 na 86 ni koili. Rilei ikiachia, mota inashotiwa. Usitumie zile rilei ndogo za bluu za ampia 10. Umeme wa kufunga breki ni mkubwa kama wa kuwashia, vidole vyake vitagandana na meza haitasimama kabisa.

Na sensa za namna hiyo nyingi zinatoa volti 12 kwenye waya wa ishara. Pitisha kwenye optokapla (kipitisha ishara kwa mwanga) ya PC817 kabla ya kufika Arduino. Vipande vyako viwe chuma cha kawaida. Aluminiamu inaonekana kwa umbali chini ya nusu.

SabuniTandika
Asante sana dada. Mota hii ina waya chanya tu, ethi ni bodi yenyewe. Breki hiyo inafanya kazi?

DadaVolti
Inafanya, kwa sababu 87a inakwenda ethi ileile. Kitu usichoweza ni kugeuza mzunguko, labda uitenge bodi na fremu kwa mpira na washa za plastiki. Huhitaji kugeuza. Zungusha upande mmoja daima, ili plei (nafasi ya kucheza) ya gia na ulegevu wa mnyororo viwe vimebanwa upande uleule kila unaposimama.

Kerezavyuma
Kuhusu mnyororo: ile gia ya nyuma ya baiskeli ni friwili (inakamata upande mmoja, upande wa pili inazunguka huru). Kama umeiweka ilivyo na inasukuma upande wa kukamata, basi mota ikisimama meza inaendelea kwa raha zake, breki ya dada haiifikii. Ichomelee. Toa vile vijiti vya ndani na grisi yote kwanza, la sivyo moto wa kuchomelea utachemsha grisi na uchomeleaji utakuwa na matundu.

Mzee_wa_Hesi
Usiichomelee bado! Friwili ni mali kwa mtu anayetaka kutumia noti ya V. Soma hapa chini halafu uamue.

Pembeni mwa meza, au kwenye sahani ya flati baa chini yake, kata noti 8 za umbo la V, digrii 90, kina mm 12, mdomo mm 24. Tengeneza mkono wenye beringi ya 608 mwishoni (ile ya viatu vya magurudumu, kipenyo mm 22), uvutwe na springi uibane beringi kwenye ukingo. Meza ikifika karibu na kituo, beringi inadondokea kwenye noti na kuivuta meza hadi katikati yake. Kwa V ya digrii 90, springi ya nguvu ya kilo 4 inavuta meza kwa kilo 4 hivyohivyo. Kwenye umbali wa mm 290 hiyo ni kama nyutoni-mita 11, inatosha.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: gia ya wipa ni ya skrubu, nondo yenye hesi inayozungusha gia ya plastiki. Mota inazungusha meza, meza haiwezi kuzungusha mota. Kwa hiyo beringi inapotaka kuivuta meza mm 6 iingie katikati, gia inakataa. Mkono unabaki umeegemea ubavu wa noti, na wewe unasema noti haifanyi kazi. Lazima kati ya mota na meza pawe na mahali pa kulegea. Friwili inatoa ulegevu huo kwa upande wa mbele: simamisha mota meza ikiwa imebakiza mm 5 kufika, beringi inaivuta iliyobaki. Usipotaka friwili, tengeneza kapling (kiungo cha shafti) ya pini mbili za mm 10 ndani ya mifereji iliyorefushwa, ili ziwe na digrii 4 za kucheza kila upande.

Mdomo wa noti lazima uwe mkubwa kuliko kosa la mota. Mota ikikosea mm 15, noti ya mdomo mm 24 inakamata mm 12 tu kila upande. Kwa hiyo fanya breki na kupunguza mwendo kwanza.

Kerezavyuma
Mzee, friwili na chupa nne zilizojaa? Meza ikija na kasi kamili itaruka noti na kwenda kituo kinachofuata.

Mzee_wa_Hesi
Kwa kasi kamili itaruka, sikatai. Ndiyo maana inahitaji kasi ya theluthi kwa digrii 15 za mwisho, na breki ya msuguano inayobana muda wote. Kitovu cha nyuma cha bodaboda kinafaa: kina beringi, mahali pa kufungia gia na breki ya dramu ndani yake. Kikalishe wima, kiwe ndiyo shafti ya meza, halafu nyonga breki kidogo kwa springi iwe inakwaruza daima. Isizidi nguvu ya beringi ya kuvuta meza kwenye noti. Jaribu hivi: sukuma meza kwa kidole mm 5 nje ya kituo na uiachie. Isiporudi yenyewe, legeza breki.

Nati_Kumi
Nyote mnazunguka mbuyu. Mtoa mada ana mota ya wipa mkononi. Mota ya wipa tayari inajua kusimama mahali pamoja, ndiyo kazi yake! Ukizima wipa katikati ya kioo, inamalizia mzunguko na kulala chini. Ndani kuna kisahani cha shaba kinachofanya hivyo. Kinachokosekana ni kugeuza mzunguko mmoja wa wipa kuwa kituo kimoja cha meza, na hiyo ni kazi ya gurudumu la Geneva.

Kwa asiyelijua: gurudumu lenye mifereji 8 liko kwenye shafti ya meza. Pembeni kuna mkono wenye pini. Mkono ukizunguka mara moja, pini inaingia mfereji mmoja, inasukuma gurudumu digrii 45, inatoka. Mkono unaendelea kuzunguka lakini gurudumu limefungwa na kisahani cha mviringo kilichokalia kwenye bonde lake. Kwa mifereji 8, pini inasukuma kwa digrii 135 na digrii 225 zilizobaki meza imefungwa. Maana yake wipa inaweza kukosea kusimama hata digrii 50 na meza isitikisike hata nywele.

Vipimo, vya kuchukua na kukata:

Umbali kati ya shafti mbili: mm 150.
Kutoka katikati ya mkono hadi katikati ya pini: mm 57.4 (150 mara sine ya 22.5).
Nusu kipenyo cha gurudumu: mm 138.6 (150 mara kosaini ya 22.5).
Pini: beringi ya 608, mm 22. Upana wa mfereji mm 22.2.
Kina cha mfereji kutoka ukingoni: mm 58, mwisho wake uwe wa duara.
Kisahani cha kufungia: nusu kipenyo mm 38. Mabonde ya gurudumu katikati ya mifereji: mm 38.2, kituo cha bikari kikiwa mm 150 kutoka katikati ya gurudumu.
Kisahani kikatwe mwezi upande wa pini, ili ncha za gurudumu zipite. Upinde wa mwezi huo una nusu kipenyo cha mm 140, ukipimwa kutoka katikati ya gurudumu pini ikiwa ndani kabisa ya mfereji. Usiposawazisha hapa, ncha zinagonga na kuvunjika siku ya kwanza.

Gurudumu kata kwenye ubao mnene wa plastiki wa kukatia nyama, unene mm 12 au zaidi. Unakatika kwa msumeno wa mbao, unamalizika kwa tupa, na hautaki grisi. Plaiwudi inafanya kazi ila maji ya sabuni yataivimbisha na mifereji itabana. Chora kwanza kwenye karatasi ukubwa kamili, gundi juu ya ubao, toboa mwisho wa kila mfereji kwa drili ya duara ya mm 22 halafu kata mistari miwili iliyonyooka. Chapa kwenye printa bila kupunguza ukubwa, na upime mstari wa mm 100 kwa rula kabla ya kuamini karatasi.

Kuhusu usahihi: gurudumu lina nusu kipenyo cha mm 138, chupa ziko mm 250. Ukiwa na plei ya mm 0.5 ukingoni mwa gurudumu, kwenye chupa ni mm 0.9. Bado uko ndani ya mm 2.

SabuniTandika
Hii nimeipenda. Waya za wipa zinaunganishwaje ili ifanye mzunguko mmoja tu?

Nati_Kumi
Rilei ileile ya DadaVolti, badilisha waya mmoja. 30 kwenye waya wa spidi ndogo, 87 kwenye chanya. 87a sasa haiendi ethi, inakwenda waya wa maegesho wa mota (maegesho ni pale wipa inapolala). Waya huo ukiwa nje ya maegesho unagusana na chanya kupitia kisahani cha ndani, ukifika maegesho unahamia ethi. Kwa hiyo rilei ikiachia, mota inaendelea kula umeme kupitia waya huo hadi ifike, halafu inajishoti yenyewe na kufunga breki.

Kuutambua: mota ikiwa imelala, pima kwa mita kati ya kila waya na bodi. Wa maegesho unaonyesha karibu sifuri. Zungusha mota kidogo, pima tena: sasa unagusana na waya wa chanya wa kisahani, si bodi. Kama haugusi bodi kabisa wakati wa kulala, mota yako ni ya aina isiyo na breki. Itasimama ikiserereka kidogo, lakini kwa Geneva hata hilo linavumilika.

Arduino itoe mpigo wa sekunde 0.4 kwa rilei. Ukiwa mfupi mno mota haitoki maegesho. Ukizidi muda wa mzunguko mmoja, sekunde 1.3 hivi, meza inaruka kituo.

Kufunga mkono: acha mota ilale yenyewe kwanza, ndipo ufunge mkono pini ikielekea upande ulio kinyume kabisa na gurudumu. Na mota iendeshe mkono moja kwa moja, bila mnyororo, la sivyo hesabu ya mzunguko mmoja inapotea.

DadaVolti
Nyongeza moja muhimu kwa Nati. Kwa mizunguko 45 kwa dakika, meza inahama digrii 45 ndani ya nusu sekunde. Msukumo wa juu kabisa wa Geneva ya mifereji 8 ni 0.7 mara mraba wa kasi ya mkono. Kwenye mm 250 inakuja kama mita 3.9 kwa sekunde kwa sekunde, karibu mbili ya tano ya uzito wa chupa yenyewe ikisukumwa ubavuni. Chupa iliyojaa bila kifuniko itamwaga. Shusha volti za mota hadi 6 au 7 kwa konvata ya kushusha ya ampia 15. Kasi ikiwa nusu, msukumo unakuwa robo. Chanya ya kisahani cha maegesho nayo itoke kwenye konvata hiyohiyo, vinginevyo mzunguko unaanza polepole na kumaliza kwa kishindo. Urefushe na mpigo hadi sekunde 0.8.

Msije mkapunguza mifereji ili kurahisisha ukataji. Kwa mifereji 6 hiyo 0.7 inakuwa 1.35, kwa mifereji 4 inafika 5.4.

BitiNane
Kwa nini msitumie stepa (mota inayokwenda hatua kwa hatua)? Ya saizi ya NEMA 23, draiva (bodi ya kuiendesha) ya TB6600, mkanda wa meno 5 kwa 1. Hatua 1000 kwa mzunguko wa meza, 125 kwa kila kituo, hakuna kukata mbao.

Mzee_wa_Hesi
Ni njia nzuri, na nguvu inatosha ukiipa meza sekunde nzima kuhama na kasi ipande na kushuka taratibu. Angalia mambo mawili. Stepa haijui ilipo: ikiruka hatua, au umeme ukikatika mtu akaisukuma meza kwa mkono, vituo vyote vinahama. Kwa hiyo sensa moja ya mwanzo haiepukiki, na kila ikiwashwa izunguke polepole kuitafuta. Pili, vituo 8 vinagawanyika vizuri kwenye 1000, lakini akibadilisha meza iwe ya vituo 6 anapata 166.67. Akizungushia 167 kila kituo, meza inazidi hatua 2 kila mzunguko, digrii 0.72. Baada ya mizunguko kumi ni digrii 7. Programu ikokotoe mahali pa kituo kuanzia sifuri kila mara, isijumlishe hatua.

Kerezavyuma
Vifaa kwa aliye Dar: mota ya wipa iliyotumika, rilei na kitovu cha bodaboda zunguka maduka ya spea Ilala na Gerezani. Mota ipime pale dukani kwa betri, na usikilize gia ya plastiki: ikilia ka-ka-ka meno yamelika. Stepa na sensa ni Kariakoo. Kisahani na mkono wa pini peleka kwa mkerezaji, mwambie tundu la shafti likae bila plei na lifungwe kwa skrubu mbili zilizoachana digrii 90. Shafti ya wipa ina mikwaruzo na mteremko, kwa hiyo tumia kipande cha mkono wa wipa wenyewe, kata, chomelea kwenye kisahani. Kinakaa sawasawa na nati yake ya asili.

SabuniTandika
Naanza na Geneva. Sensa ile ya chini ya meza niitoe?

Nati_Kumi
Usiitoe. Iache ithibitishe kwamba kuna chuma mbele yake kabla valvu ya sabuni haijafunguka. Mpigo ukitoka na sekunde 4 zikapita sensa haijaona chuma, programu izime kila kitu na kuwasha taa nyekundu. Hapo kuna chupa imelala au pini imekwama mdomoni mwa mfereji.